Tamthiliya mpya za Kiswahili zinazostahili kusomwa na kupandishwa jukwaani

Habari zenu wanajukwaa.

Kila mwaka, vikundi vya sanaa vya vyuo, shule na mitaa vinapoanza kutafuta igizo la kufanyia mazoezi, majina yanayotajwa ni yale yale: Kinjeketile, Nguzo Mama, Ngoswe, Kwenye Ukingo wa Thim. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969 na mpaka leo haijachuja. Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, ina muundo ambao waandishi wengi wa sasa hawathubutu kuujaribu. Kinachonisikitisha ni kwamba kijana wa miaka 20 anayeigiza Ngoswe ya Edwin Semzaba anaigiza kazi iliyochapishwa mwaka 1988, muda mrefu kabla hajazaliwa, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baada ya hapo tamthiliya za Kiswahili ziliendelea kuandikwa, tena nyingine nzuri sana. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Nitataja kazi ninazozifahamu, nieleze kwa nini nazipendekeza, na niseme wazi ugumu wa kila moja pale inapofika jukwaani. Kwa neno "mpya" nina maana ya zilizotoka kuanzia mwaka 2000 hivi, ingawa nitavuka mpaka huo mara mbili kwa sababu nitakazozieleza.

Kipimo changu ni kimoja, na ni vizuri nikiseme mapema ili anayetofautiana nami ajue tunatofautiana wapi. Tamthiliya huandikwa ili itamkwe na kutendwa na watu hai mbele ya watu wengine. Sisi tumezoea kuisoma kwa kuorodhesha dhamira, sifa za wahusika, matumizi ya lugha na falsafa ya mwandishi, kwa kuwa ndivyo mtihani unavyotaka, na tukishaimaliza orodha hiyo tunaamini tumeielewa kazi. Maswali ya mwongozaji ni mengine kabisa. Mhusika huyu anaingia akitaka nini, na nani anamzuia? Ana kitu gani mkononi? Kimya kinaangukia wapi? Hadhira itaanza kukohoa tukifika ukurasa wa ngapi? Ipo tamthiliya yenye dhamira nzito ambayo haijibu hata moja kati ya maswali haya, na ipo iliyoonekana nyepesi darasani ambayo ikitamkwa kwa sauti inawafanya watu wasogee mbele kwenye viti vyao.

Mtaona kwamba nyingi ninazozipendekeza zimetoka Kenya, na najua wapo Watanzania wenzangu watakaoudhika. Sababu haipo kwenye kipaji. Kule, tamthiliya ya lazima katika mtihani wa kidato cha nne hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilipomaliza zamu yake, iliingia Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotahiniwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Ikafuata Kigogo ya Pauline Kea, kuanzia 2018 hadi 2022. Kisha ikaja Bembea ya Maisha, ambayo nayo ni ya Arege. Mwandishi anajua kwamba mlango utafunguliwa tena, mchapishaji naye anajua, na vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza kitabu teule vinapata riziki kutokana na viingilio vya wanafunzi. Kwetu, Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu zimekaa madarasani kwa muda mrefu kiasi kwamba kaka mkubwa na mdogo wake wa mwisho wamefanya mtihani wa vitabu vile vile. Orodha na Kilio Chetu ziliandikwa wakati UKIMWI ukiwa tishio kubwa kuliko yote, na ziliwafikia vijana waliozihitaji. Lakini mwandishi wa tamthiliya wa Tanzania anayeanza leo anamwandikia nani, ikiwa soko pekee la uhakika limefungwa kwa miongo miwili?

Nianze na Kigogo, iliyotoka mwaka 2016. Hadithi inatokea Sagamoyo, jimbo linalotawaliwa na Majoka, mtu aliyefunga Soko la Chapakazi huku wananchi wakitakiwa kusherehekea uhuru. Wanaompinga wanaongozwa na Tunu na Sudi. Muhtasari huo unaweza kuupata katika mwongozo wowote wa wanafunzi, na ukiishia hapo utadhani ni tamthiliya nyingine ya mtawala mbaya dhidi ya vijana wema. Soma upya onyesho la kwanza kwa jicho la mwongozaji. Tupo katika karakana ya wachonga vinyago sokoni. Sudi, Boza na Kombe wanafanya kazi. Mikono yao haitulii, na mabishano yao yanapita katikati ya sauti za zana. Kenga, mshauri wa Majoka, anafika na keki ya uhuru. Mwandishi ameweka jukwaani vitu viwili tu, mti unaochongwa na kipande cha keki, na kupitia hivyo tunajua nani anafanya kazi na nani anagawa makombo. Mwigizaji wa Boza akiipokea keki ile kwa mikono miwili, na wa Sudi akaendelea kuchonga bila kuinua kichwa, hadhira imeshaelewa siasa yote ya Sagamoyo kabla hotuba ya kwanza haijatolewa.

Sifa nyingine ya Kigogo ni Ashua. Ni mke wa Sudi, ana elimu lakini hana kazi, na umaskini unamsukuma aende kwa Majoka kuomba msaada, naye Majoka ana tamaa yake ya siku nyingi juu ya mwanamke huyo. Husda, mke wa Majoka, anawakuta. Onyesho hili limezoeleka kuigizwa kama kichekesho cha wanawake wawili wanaogombana, na mashabiki hupiga mbinja. Nadhani ni kosa kubwa la uongozaji. Ashua ndiye mhusika pekee katika tamthiliya nzima anayevutwa na pande mbili kwa nguvu sawa: anampenda mumewe na anawaona watoto wake wakiwa na njaa. Kikundi chenye mwigizaji wa kike mwenye uwezo kimpe nafasi hii badala ya Tunu. Tunu anajua jibu tangu mwanzo, hivyo mwigizaji wake hubaki na kazi ya kupaza sauti tu.

Ugumu wa Kigogo uko sehemu ya mwisho, hasa pale Majoka anapokuwa ndani ya ambulensi huku akizungumza na babu yake katika ndoto. Nimewaona waongozaji wakihangaika kutengeneza gari la mbao. Benchi moja linatosha, pamoja na taa moja na mwigizaji wa Babu anayesimama nyuma ya Majoka bila kumgusa. Maandishi yenyewe yanahamahama kati ya ndoto na macho, na gari la mbao litaua uhuru huo. Neno jingine ni kuhusu mwisho wenyewe, pale Kingi anapokataa amri ya kuwafyatulia watu risasi. Ni tendo kubwa linalofanywa na mhusika mdogo, na likiharakishwa linapotea. Mpeni Kingi muda wa kutosha wa kunyamaza.

Mstahiki Meya, ya mwaka 2009, ina ukali wa aina nyingine. Baraza la mji wa Cheneo limeoza: zahanati haina dawa, wafanyakazi hawalipwi ipasavyo, na Meya Sosi amezungukwa na watu wanaomwambia anachotaka kusikia. Kuna pahali Meya analalamikia udogo wa mayai aliyoandaliwa mezani. Watu wa Cheneo wana njaa, na mkuu wa mji anahuzunishwa na yai. Arege haongezi maelezo, haleti mhusika wa kutufafanulia kwamba huu ni unyonyaji. Anaacha lalamiko liende hadi mwisho kwa uzito wote ambao Meya mwenyewe anaupa. Mwigizaji atakayejaribu kuchekesha hapa ataharibu. Anayeumia kwa dhati kuhusu yai lile atawafanya watu wacheke, kisha wajione vibaya kwa kucheka. Utaratibu huo huo unarudi katika njama ya kuiuza fimbo ya Meya, alama ya heshima ya mji mzima, ambayo Bili anaizungumzia kana kwamba ni bidhaa ya kawaida dukani.

Kwa jukwaa, zawadi ya tamthiliya hii ni mgomo. Wafanyakazi wakigoma taka zinarundikana, na wageni wanatarajiwa. Mwongozaji anaweza kuanza onyesho na sakafu safi, akaacha kila mhusika anayetoka aangushe kitu kidogo, karatasi, ganda, mfuko, hadi Meya anapoanza kutembea kwa kukwepa. Haigharimu chochote. Udhaifu wake ni kwamba madiwani hawatofautiani vya kutosha kwa lugha. Diwani wa Tatu, anayepinga, anasikika kwa sababu ya msimamo wake, lakini wenzake wanahitaji kutofautishwa na waigizaji wenyewe kwa mwendo, sauti na maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Kama ningeombwa kuchagua moja tu ya kuanza mazoezi wiki ijayo, ningechagua Bembea ya Maisha bila kusitasita.

Hapa Arege ameondoka barazani na kuingia nyumbani. Yona na Sara ni mume na mke waliokwishazeeka pamoja. Sara ni mgonjwa. Yona alikuwa mwalimu, pombe ikamharibia kazi, na nyuma ya pombe hiyo yapo masimango ya ndugu na majirani: kwanza kwamba ndoa yao haikujaliwa mtoto, na walipopata watoto, kwamba wote walikuwa wasichana. Mabinti hao ni Neema, Asna na Salome. Neema, aliyeolewa na Bunju na kuishi mjini, ndiye anayebeba gharama za matibabu ya mama. Kwa hiyo mzigo ambao jamii ilidai uhitaji mtoto wa kiume unabebwa na binti, na Yona analazimika kuliona jambo hilo kila siku kwa macho yake. Hakuna mtawala humu, hakuna maandamano, hakuna askari. Kuna chakula ambacho hakijawa tayari, kuna jirani Dina anayekuja kusaidia, na kuna swali la nani aingie jikoni mama wa nyumba anapougua.

Naomba mnielewe kwa nini nalipa jambo hili uzito. Tamthiliya yetu tangu miaka ya uhuru imekuwa hodari wa mambo ya taifa: vita vya Majimaji, ujamaa, ufisadi, ukoloni mamboleo. Imekuwa dhaifu, isipokuwa kwa wachache kama Penina Muhando, katika yale yanayotokea kati ya watu wawili waliokaa chumba kimoja kwa miaka 30. Bembea ya Maisha inarudi hapo. Ipo sehemu ambapo Bunju hafurahii mama mkwe kulala nyumbani kwake, akishikilia mila, na Neema yuko katikati. Hoja ya Bunju haina ubaya kwa maneno: ni mila, ni heshima kwa mkwe. Lakini kila anayesikiliza anajua kwamba mwanamke anayezungumziwa ni mgonjwa aliyetoka safari ndefu kufuata hospitali. Mwigizaji wa Bunju asimgeuze kuwa mtu katili. Amwigize kama mtu mwenye adabu, mwenye sauti ya chini, anayemjali mkewe kwa dhati, na hapo ndipo ukumbi utagawanyika, kwa sababu nusu ya wanaume waliokaa pale wanakubaliana naye kimoyomoyo.

Kwa upande wa uzalishaji, ni kazi rahisi kwa kikundi kidogo. Wahusika si wengi, mavazi ni ya kawaida, na mandhari ya kijijini na mjini yanaweza kutofautishwa kwa kubadilisha kitanda na viti tu. Tatizo lake ni baadhi ya mazungumzo yanayoeleza yale ambayo tumeshayaona, na mabadiliko ya Yona kuelekea mwisho yanaweza kuonekana ya haraka ikiwa mwigizaji hajaanza kuyaandaa mapema. Nashauri Yona aonekane akisikiliza tangu mwanzo, hata anapojifanya hasikii.

Niingie Zanzibar. Said Ahmed Mohamed, ambaye wengi wanamjua kwa riwaya, ni mwandishi wa jukwaa anayepuuzwa kuliko wote. Kivuli Kinaishi, yenye Bi Kirembwe na nchi yake ya Giningi, inafahamika kwa sababu ilisomwa kidato cha tano na sita. Mimi napendekeza Amezidi, ya mwaka 1995, na hapa ndipo navuka mpaka kwa mara ya kwanza. Wahusika wakuu ni wawili, Ame na Zidi, na majina yao yakiungana yanakuwa jina la tamthiliya. Wanaishi kwa kutegemea mabaki na kusubiri vya kupewa, na maneno yao yanazunguka pale pale. Wahakiki wameilinganisha na kazi ya Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland wa tamthiliya ya watu wawili wanaomsubiri mtu asiyefika, na ulinganisho huo ni wa haki, lakini ukiisoma kwa sauti utasikia kitu kingine: mchezo wa maneno wa Kizanzibari, kejeli za barazani, watu wawili wanaotaniana hadi utani unapoisha na hawana pa kwenda. Inataka waigizaji wawili wenye pumzi na wanaoaminiana. Haitaki jukwaa kubwa. Ningeiweka uani, hadhira ikizunguka pande tatu. Wasiozoea aina hii ya uandishi watauliza hadithi iko wapi, hivyo kikundi kisiende nayo mahali ambapo watu wamelipa kiingilio wakitarajia kisa chenye mwanzo na mwisho.

Mwandishi huyo huyo alitoa Mashetani Wamerudi mwaka 2016, na kichwa chake kinaielekea moja kwa moja Mashetani ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1971. Msomaji aanze na ile ya kwanza, urafiki wa Juma na Kitaru na ule mchezo wao wa shetani na binadamu, kisha aende kwenye ya pili akiwa bado anaikumbuka. Ni nadra kupata mwandishi mkubwa wa Kiswahili akimjibu mwandishi mwingine mkubwa wa Kiswahili kwa tamthiliya nzima baada ya miaka 45. Chuo chenye idara ya sanaa za maonyesho kingeweza kuziweka zote mbili katika juma moja, usiku huu na usiku ujao, kwa waigizaji wale wale. Kuhusu Posa za Bikisiwa, ya mwaka 2008, nitasema kwa ufupi kwamba anayeijua historia ya visiwa atafaidi zaidi, kwa kuwa Bikisiwa na wachumba wake wanabeba maana kubwa kuliko kisa cha posa.

Kithaka wa Mberia hahitaji utetezi wangu. Natala, ya mwaka 1997, na Kifo Kisimani, ya mwaka 2001, zimeigizwa sana. Iliyosahaulika ni Maua kwenye Jua la Asubuhi, ya mwaka 2004, inayohusu uhasama wa kikabila, na ambayo ilitangulia kwa miaka michache ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Mwandishi ni mshairi, na inasikika. Kuna mahali ushairi unazidi tendo. Kwa usomaji wa jukwaani, waigizaji wakiwa wamekaa na vitabu mkononi, inapendeza mno.

Mara ya pili kuvuka mpaka ni kwa ajili ya Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi. Ilichapishwa mwaka 1999, lakini iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa hiyo si mpya kwa kalamu. Naiweka hapa kwa sababu kwa jukwaa bado ni mpya: ilikaa takribani miaka 20 bila kitabu, na kizazi ambacho ingekizungumzia moja kwa moja kilikosa kuiona kwa wakati wake. Rais Kapera anavaa kaptula la Karl Marx, mwanafalsafa wa ukomunisti, linalompwaya, na kuanza safari ya kutafuta nchi ya usawa, akiwa na mawaziri wake. Mzigo wote wa tamthiliya upo kwenye vazi hilo. Fundi cherehani wa kikundi chako ndiye mtu muhimu kuliko mwigizaji: kaptula likiwa kubwa kupita kiasi mnapata sarakasi, likiwa kubwa kidogo tu, la kumlazimu rais kulishikilia kwa mkono mmoja kila anaposimama kuhutubia, mnapata tamthiliya ambayo Kezilahabi aliiandika.

Kuna pengo ambalo siwezi kulipita kimya. Katika orodha hii yote mwanamke ni mmoja tu, Pauline Kea. Miaka ya 1970 na 1980 tulikuwa na Penina Muhando, ambaye peke yake alitoa Hatia, Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani. Tulikuwa na Amandina Lihamba na Hawala ya Fedha. Kenya kulikuwa na Ari Katini Mwachofi na Mama ee, ya mwaka 1987. Muhando, Lihamba na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja Harakati za Ukombozi. Wanawake watatu waliandika tamthiliya moja kuhusu historia ya nchi yao, mwaka 1982. Leo vyuo vyetu vimejaa wasichana wanaosomea sanaa za maonyesho, wanaongoza, wanaigiza, wanaandikia televisheni na redio. Kazi zao za jukwaani hazifiki kwenye vitabu, na mimi naamini zipo.

Hilo linanipeleka kwenye jambo la miswada. Sehemu kubwa ya tamthiliya mpya za Afrika Mashariki haichapishwi kabisa. Kenya ina tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo tangu mwaka 1959, na kila mwaka huandikwa michezo mipya kwa ajili yake, ikiwemo ya Kiswahili. Umma huisikia pale tu panapotokea mzozo, kama ilivyokuwa mwaka 2013 kwa mchezo Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere, uliozuiwa kisha ukaruhusiwa na Mahakama Kuu, na tena Aprili 2025 huko Nakuru kwa Echoes of War wa shule hiyo hiyo, ambapo polisi walirusha mabomu ya machozi. Mzozo ukipoa, tamasha likiisha, maandishi yanabaki katika kabati la mwalimu. Kwetu hali ni hiyo hiyo kwa michezo inayotungwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Wachapishaji wanasema tamthiliya isiyo kitabu cha shule hainunuliki. Labda ni kweli kwa kitabu cha tamthiliya moja. Lakini mkusanyiko wa michezo mifupi minne au mitano, yenye wahusika wachache na ruhusa ya kuigiza iliyoelezwa wazi ukurasa wa mwanzo, ungenunuliwa na kila kikundi ninachokifahamu, kwa kuwa hicho ndicho kila kikundi kinakitafuta.

Kwa wanaokusudia kuanza, nina ushauri wa kazi. Msichague tamthiliya kwa kuisoma kila mtu kimya nyumbani. Kaeni mezani, gaweni sehemu bila kujali nani atacheza nini, someni kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa kikao kimoja. Mahali ambapo watu wanaanza kuchungulia simu zao pana tatizo la kweli, ama la maandishi ama la usomaji, na mtalijua mapema kabla hamjatumia fedha ya maleba. Pili, hesabuni wahusika wanaokutana katika onyesho moja, msihesabu majina ya orodha ya mwanzo. Kigogo ina wahusika wengi kwa karatasi, ila waigizaji wachache wanaobadilisha kofia, khanga na mwendo wanaweza kuibeba, mradi Majoka, Tunu, Sudi na Ashua wabaki na mtu mmoja kila mmoja. Tatu, andikeni barua kwa mchapishaji kuomba ruhusa, hata kama onyesho ni la bure. Waandishi hawa wengi wako hai. Mwandishi anayejua kwamba kazi yake imepandishwa Morogoro au Mombasa ana sababu ya kuandika nyingine, na baadhi yao wakiombwa kwa heshima hukubali sehemu kadhaa zifupishwe. Kufupisha bila kuuliza, halafu kutangaza jina lake kwenye bango, ni kumdhulumu mara mbili.

Nyongeza baada ya michango yenu ya kwanza:

Ndugu aliyeuliza kuhusu tafsiri: sikuziacha kwa dharau. Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969 ni Kiswahili cha hali ya juu, na mwaka 2012 kikundi cha Bitter Pill kutoka Nairobi kilicheza Shakespeare kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe mjini London, kwa mchezo Wanawake wa Heri wa Winsa. Nilitaka uzi huu ushughulikie zilizotungwa kwa Kiswahili, ila anayetaka kuanzisha wa tafsiri nitachangia.

Dada mwalimu aliyeuliza kuhusu wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wasio na uzoefu: chukua Kifo Kisimani. Kisa chake ni wazi, Mwelusi anampinga Mtemi Bokono wa Butangi na anasalitiwa na ndugu yake Gege kwa ahadi ya kumwoa Alida, binti wa Mtemi. Kila mtoto anauelewa usaliti wa ndugu. Pia kisima kinakupa kitu kimoja cha katikati ya jukwaa ambacho watoto wote wanaweza kukizunguka, na wale wasio na mistari wakawa wanakijiji wanaokuja kuteka maji.

Mzee wangu uliyesema kwamba tamthiliya za sasa hazina ngoma wala mtambaji kama zile za akina Mbogo na Muhando: nakubaliana nawe kwa sehemu. Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo, ya mwaka 1988, haiwezi kuigizwa na watu wasiojua kucheza, na ujuzi huo umepungua katika maandishi ya leo, labda kwa sababu mwandishi anayelenga darasa hawazii uwanja wa ngoma. Hata hivyo Kigogo na Mstahiki Meya zinaachia nafasi, katika soko na katika mgomo, ambapo kikundi chenye wapiga ngoma wazuri kinaweza kuingiza nyimbo bila kuvunja maandishi, ilimradi nyimbo hizo zifanye kazi ndani ya onyesho na zisiwe mapumziko.

Wanaojua tamthiliya yoyote ya Kiswahili iliyotoka Tanzania Bara au Zanzibar tangu mwaka 2015, naomba waiweke hapa chini ikiwa na jina la mwandishi, mchapishaji, idadi ya wahusika, na neno moja kama wameiona jukwaani au wameisoma tu. Anayejua duka la Dar es Salaam linalouza Mashetani Wamerudi na Bembea ya Maisha kwa sasa aandike mtaa lilipo, maana maswali ya mahali pa kuvipata vitabu hivi ni mengi kuliko yote yaliyokwishaulizwa.